Rahila Ashika Upande wa Colorado

Tangu aolewe, Rahila binti Murshid alikuwa na rai moja tu kuhusu mpira wa Kimarekani: kwamba ni maradhi, na mumewe kayapata ughaibuni kama wengine wanavyorudi na kikohozi. Mpira wenyewe hakuwahi kuukalia akautazama. Alichokuwa akikitazama ni wanaume wawili wazima, wenye mvi na vitambi, wamekaa chini kwenye sabla yake, chumba cha wageni cha nyumba yao ya Mabela, Maskati, kila Ijumaa baada ya wali. Kahawa inapoa, halwa inakauka, na wao wanapigizana kelele juu ya mwaka tisini. Miaka nenda miaka rudi, neno lile lile! Angekuwa mke mwengine angewamwagia maji.

Mmoja wao ni mumewe, Yaqoob. Wa pili ni Maan, rafiki wa Yaqoob tangu utotoni. Wote wazaliwa wa Unguja, wote waliletwa Maskati wangali wadogo, wakasoma darasa moja na kula sahani moja. Serikali ilipowapeleka Marekani kusomea uhandisi, Maan akaangukia Colorado kwenye milima ya theluji, na Yaqoob akaangukia chuo cha Georgia Tech, mji wa Atlanta. Balaa likaanzia hapo.

Kwa asiyejua, na heri yake asiyejua, kisa chenyewe ni hiki. Wamarekani wana mpira wao wa kubeba mikononi, umechongoka huku na huku, na vyuo vyao vikuu huucheza kwa shangwe ambazo sisi tunaziweka kwa ajili ya harusi. Zama zile hakukuwa na fainali. Msimu ukimalizika, waandishi wa habari wanapiga kura kumchagua bingwa wa nchi nzima, na makocha nao wanapiga zao. Mara nyingi kura zilikubaliana. Msimu ule wa tisini hazikukubaliana. Waandishi wakasema Colorado, makocha wakasema Georgia Tech, tena kwa pointi moja tu ya kuwazidi wenzao. Nchi moja, msimu mmoja, mabingwa wawili, na timu zenyewe hazikukutana uwanjani hata siku moja. Sasa hapo nani atamnyamazisha nani?

Yaqoob alikuwa na hoja yake kubwa, na kila Ijumaa aliitoa kama mpya. Katika mpira huo timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ikishindwa inanyang'anywa mpira. Colorado, katika mechi moja ya mwaka ule, waamuzi walipotewa na hesabu wakawapa jaribio la tano, na kwa hilo la tano ndipo walipofunga wakashinda, saa imekwisha.

"Matano, Maan!" Yaqoob alikuwa akisimama, vidole vimetanuka. "Swala ndio tano, yakhe! Majaribio ni manne!"

"Na nyie mlicheza na nani?" Maan hujibu, hata hapepesi macho. "Siye tumempiga Notre Dame. Tumempiga Nebraska."

"Hata siye tumempiga Nebraska! Tena tumempiga kipigo cha mbwa kaingia msikitini!"

Na Rahila huku mlangoni, sinia mkononi: "Nyie! Waliocheza wenyewe wameshakuwa mababu, wamesahau. Nyie hamsahau?" Hawakuwa wakimsikia. Lakini haikupita Ijumaa Maan akakosa kuja, wala haikupita Ijumaa wakaagana bila kukumbatiana. Wagombanao ndio wapatanao.

Rahila mwenyewe hakusoma Marekani wala popote pa mbali. Aliletwa Maskati na mama yake akiwa msichana mdogo, Kiarabu hana hata cha kuombea maji. Skuli akiulizwa jina la baba yake anajibu kwa Kiswahili, darasa zima linaangua kicheko. Akafunga mdomo. Alikaa kimya muda mrefu hata mwalimu akadhani ni bubu. Kilichomfungua kinywa si kitabu. Siku moja mtoto wa dawati la nyuma alimpokonya kalamu yake mpya akasema ni yake yeye. Rahila akasimama, damu imempanda, akalitafuta neno, na neno likaja lenyewe: "Haqqi!" Changu! Na nyuma ya neno hilo yakafuatana mengine, ya kuokoteza, yaliyovunjika vunjika, lakini yalitosha na kalamu ilirudi. Tangu hapo Kiarabu akakipata chote kwa njia hiyo hiyo. Alikipata kwa wauza samaki, kwa madereva wa teksi, na baadaye, alipofungua duka lake la kushona nguo za kike mtaani Hamriya, kwa wafanyabiashara wa vitambaa ambao mpaka leo wakimwona anavuka barabara wanaambiana, "Haya, jitayarishe, anakuja."

Msimdhanie mgomvi. Rahila hakuwa mgomvi, alikuwa mbishi, na baina ya hayo mawili pana safari. Mgomvi anataka uumie. Mbishi anataka umjibu.

Msiba uliingia asubuhi moja, Yaqoob amesimama mbele ya kioo anafunga kilemba. Kilemba kikamponyoka. Alipotaka kusema kimemponyoka, maneno nayo hayakuja. Rahila aliyekuwa akitafuta funguo za gari alisikia mguno, akageuka, akaona mdomo wa mumewe umepinda upande mmoja. Hakupiga ukelele. Alimkalisha kitako, akaita gari la wagonjwa, akamshika mkono mpaka hospitali huku akimsomea alichokumbuka.

Kiharusi hakikumuua, alhamdulillahi. Mguu ulirudi kidogo kidogo, mkono ukawa mzito lakini unanyanyuka. Kilichobaki huko kilikokwenda ni maneno. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ukimfanyia mzaha anacheka kwa macho. Ila akifungua kinywa inatoka sauti isiyo na umbo, naye akiisikia mwenyewe anakifunga.

Mara tatu kwa wiki alikuwa akija Jemimah, mtaalamu wa kuwafundisha kusema watu waliopatwa na kiharusi, binti wa Kikenya kutoka Nakuru, mwenye subira ya ajabu na saa kubwa mkononi. Alikuwa na picha zake: kikombe, mlango, samaki.

"Mzee, hii ni nini? Jaribu tu. Hata herufi ya kwanza, yalla."

Yaqoob akitazama ile picha ya kikombe, mtu mwenye shahada ya uhandisi, anaona haya mpaka masikio yanamwiva. Hajaribu.

"Mama," Jemimah alimwambia Rahila jikoni, "maneno yako ndani, hayajaenda mahali. Lakini hii miezi ya kwanza ndiyo ya maana sana, na mimi siwezi kumtolea. Lazima yeye mwenyewe atake kusema kitu. Hapa nyumbani hakuna kitu anahitaji kusema."

Maneno hayo yalimchoma Rahila, maana yalikuwa kweli tupu. Mila zetu tunazijua. Mgonjwa habishiwi. Wageni walikuwa wakifurika tangu alasiri, kila mtu na sufuria lake, na kila mmoja sauti chini, uso wa tabasamu. Yaqoob akinyanyua kidole, analetewa maji na juisi na uji kwa pamoja. Akiguna, watu wanaitikia, "Naam, naam, kweli kabisa," na hapana aliyejua kakubali nini. Mtu anayekubaliwa hivyo kutwa nzima atasema kwa kitu gani?

Lakini aliyemmaliza kabisa ni Maan, naye kwa mapenzi yake.

Maan alikuwa akija kila siku, si Ijumaa tu. Anakaa pembeni ya kitanda, anamkanda vidole, hazungumzi mpira asilani. Ijumaa moja, chumba kimetulia, Rahila anakunja nguo, Maan akajikohoza. Akaushika mkono wa mwenzake kwa mikono yake yote miwili.

"Yaqoob, ndugu yangu," akasema, "nimefikiri sana. Ule mwaka tisini... haki ilikuwa yenu. Majaribio yalikuwa matano. Ubingwa ni wenu. Nnakuachia."

Rahila akaacha kukunja. Yaqoob alimtazama Maan, akamtazama kwa muda, na ule mwanga wa kucheka uliokuwa umebaki machoni mwake ukazimika. Akauchomoa mkono wake. Akageukia ukutani.

Jioni ile hakula. Kesho yake Jemimah alipokuja hakumwangalia hata usoni. Keshokutwa vile vile.

Rahila alimngojea Maan getini, akamvamia hata kushuka garini hajamaliza.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Mie? Shemegi, nimemfurahisha! Maisha yake yote kataka nikubali, nimekubali."

"Umemuaga!" Rahila sauti ikamkatika. "Umemzika, Maan. Weye ulivyo mbishi, weye uliyebishana naye hata siku ya harusi yake, leo unamwachia? Ana akili zake kamili yule. Amesikia ulilosema. Umemwambia, Yaqoob, unakufa."

Maan akashika mlango wa gari. Mtu mzima, machozi yakamchuruzika ndevuni. "Wallahi sikukusudia."

"Basi ingia ndani ukabishane naye. Sasa hivi. Mwambie umerudisha maneno yako."

Akatikisa kichwa. "Siwezi, Rahila. Nikimtazama pale kitandani moyo wangu unayeyuka. Nitamkemeaje mgonjwa? Mama yangu atanilaani kaburini."

Rahila alimtazama kwa hasira, na kwa huruma vile vile, maana alijua hasemi uongo. Yuko mtu mwenye moyo wa maji, hata umfanye nini. "Haya," akasema. "Kama huwezi weye, nitabishana mie."

"Weye? Hujui hata mpira una pembe ngapi."

"Nitajua."

Na hapa ndipo kila aliyemjua Rahila anapotikisa kichwa akacheka, kisha akanyamaza kwa heshima. Mwanamke huyu, ambaye miaka yote aliuita mpira ule maradhi, alimwita binti yake Fajr, mwalimu wa skuli anayekaa nao, akamwambia, "Nitafutie huo mwaka tisini mtandaoni. Wote." Akaanza kutazama. Alikuwa anatazama jikoni simu imeegemezwa kwenye mtungi wa chumvi, huku anakata vitunguu. Alikuwa anatazama dukani Hamriya baina ya mteja na mteja, miwani puani. Kiingereza chake ni cha kununulia na kuuzia tu, basi Fajr akawa anamfasiria.

"Mbona wanalaliana hivi? Hawaumizani?"

"Wanaumizana, Mama."

"Toba! Na huyu mwenye mistari anapuliza kipenga kwa sababu gani?"

Mwanzo hakuambulia kitu. Kilichomfungulia mlango ni yadi. Fajr alipomweleza kuwa kila timu inapigania kusogea yadi kumi, na uwanja mzima umepimwa kwa yadi, Rahila akaketi vizuri. Yadi! Kumbe? Yadi si kaishi nazo, si kazikata kwa mkasi maisha yake yote? Tangu hapo akaufahamu mchezo kama anavyofahamu bei ya hariri, na akawa anaifokea simu. "Yadi mbili zimebaki, mpumbavu we, mpe yule mnene!"

Akaitazama na ile mechi ya jaribio la tano. Aliirudisha, akaitazama tena, anahesabu kwa vidole. Kisha akavua miwani.

"Mama," Fajr akasema, "si Baba ana haki?"

"Ana haki kabisa," Rahila akajibu. "Wametiwa khasara, maskini. Waziwazi."

"Basi unashika upande wa Colorado kwa nini?"

"Kwani asiye na haki ana haja gani ya kusema? Mwenye haki ndiye hawezi kunyamaza. Nami sitamkubalia hata chembe mpaka aidai kwa mdomo wake."

Siku alipoanza, aliingia na sinia la chakula cha mchana, akaliweka chini, asimlishe. Akakaa kitako akamkabili.

"Baba Fajr," akasema, "nimeyatazama yale mambo yenu. Nimetazama kila kitu. Bingwa ni Colorado."

Yaqoob, aliyekuwa kageukia ukutani, akageuza shingo polepole. Ule uso! Ungemwona ungedhani kamsikia paka anaadhini.

"Ndio. Na nyie Georgia Tech mlifungwa na North Carolina."

Uongo mtupu. Hawakufungwa, walitoka sare, na Rahila alijua vizuri sana. Yaqoob akajinyanyua kwenye mto, kinywa kikafunguka, sauti ikatoka, kubwa, haina umbo lakini ina ghadhabu. Mkono mzito ukapiga godoro.

"Sijasikia," Rahila akasema. "Ukiwa na hoja iseme. Kula wali wako." Akaondoka. Na Yaqoob, kwa hasira, akala.

Wakaanza maisha mapya. Asubuhi Colorado, mchana Colorado, magharibi kabla ya swala Colorado. Jemimah alipopata khabari alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akazitia picha zake mkobani. "Khalas, vikombe tumemaliza," akasema, akaanza kumfundisha mzee jinsi ya kukusanya pumzi, jinsi ya kubana midomo, na safari hii mzee akajaribu, tena kwa bidii ya mtu aliye na kesi mahakamani. Maneno hayakutoka. Lakini akawa anayatafuta, jasho linamtoka, na hapo kwanza hakuwa akitafuta hata kidogo.

Usidhani ilikuwa rahisi kwa Rahila. Kuna siku alitoka mle chumbani akajifungia bafuni, akafungua bomba ili Fajr asisikie anavyolia. Kumwona mumewe anahangaika na sauti moja mpaka mishipa ya shingo inasimama, nawe usimsaidie, usimwambie "basi, basi, mpenzi wangu, nimekufahamu", ukae tu umsubiri! Wangapi wanaweza? Akinawa uso, anarudi.

Mambo ya nyumba hayana siri. Khabari zikamfikia Muhsina, dada mkubwa wa Yaqoob, aliyemlea Yaqoob baada ya mama yao kufa na ambaye katika ukoo neno lake halianguki chini. Khabari zenyewe zilifika zimeongezwa chumvi: Rahila anamfokea mumewe mgonjwa, anamnyima chakula mpaka aombe. Ijumaa ile ile Muhsina akaja, mtandio umebanwa, hata kahawa akaikataa. Maan alikuwapo pia, kajikunyata pembeni.

"Wifi," Muhsina akasema, mbele ya Yaqoob, "nilikuwa nakusifu kwa watu. Sasa nasikia aibu. Mgonjwa anahitaji utulivu, weye unamletea zogo la mipira. Nnamchukua ndugu yangu. Kwangu kuna chumba, kuna watu wa kumtazama, na hapana mtu atakayenyanyua sauti."

Rahila alimjua Muhsina na alizijua huruma zake, huruma nzito zisizo na dirisha. Huko atakogeshwa, atalishwa, atakubaliwa kila kitu, na hatasema tena maisha yake.

"Da Muhsina," akasema taratibu, "nakuheshimu kama mama. Nipe leo tu. Akishindwa kusema leo, mchukue, nami nitamfungia nguo zake kwa mkono wangu."

Maan akainua kichwa kwa mshtuko. Fajr mlangoni akasema, "Mama, usiseme hivyo." Lakini limeshatoka, na Muhsina akaitikia kwa kichwa: leo tu.

Rahila akaenda akakaa mbele ya mumewe aliyeketi ukingoni mwa kitanda, magoti kwa magoti.

"Yaqoob," akasema, "umemsikia dada yako. Sasa nikwambie kitu ambacho hata Maan hakupata kukwambia, kwa adabu yake. Pointi moja mliyowazidi wenzenu ilitoka wapi? Makocha walikuoneeni huruma. Waliwatazama wakasema, maskini, tuwape na wao wafurahi. Ule si ubingwa. Ile ni sadaka."

"Rahila!" Muhsina akasimama.

Yaqoob akawa mwekundu. Akazishika mbao za kitanda. Pumzi ikaingia, kama Jemimah alivyomfundisha, midomo ikabanana ikaachana, ikabanana tena.

"Ha..."

"Sadaka," akarudia Rahila, na machozi yameshamtoka, hakuyafuta. "Kama wanavyokuletea uji."

"Ha... tu..."

Muhsina alikuwa kanyoosha mkono amnyamazishe wifi yake. Mkono ukabaki hewani.

"Ha-tu-ku... fu-ngwa!"

Kisha Muhsina akatoa ukelele, "Ya Rabbi! Kasema! Ndugu yangu kasema!" akataka kumrukia ambusu, na Rahila akamzuia kwa kiganja.

"Usimpongeze! Ukimpongeza atanyamaza." Akamgeukia mumewe, sauti kali, mashavu yamerowa. "Hamkufungwa? Na North Carolina?"

"Sa... re!"

"Sare ndiyo ushindi?"

"Si... si..." Akapiga godoro, hasira tele. Mkono mzito ukanyanyuka, vidole vikajitanua kimoja kimoja, na hakumnyooshea Rahila, alimnyooshea Maan. "Ma-ta-no!"

Maan, yule mwenye moyo wa maji, alikuwa akilia kwa kwikwi bila ya haya. Akajivuta kwa magoti juu ya zulia mpaka kitandani, akajipangusa uso kwa kofia yake, na kwa sauti iliyopasuka pasuka akasema, "Hata kwa manne tungeshinda, yakhe. Siye hatukuhitaji la tano. Narudisha maneno yangu yote. Sikuachii kitu!"

Na Yaqoob akacheka. Kwa mdomo mzima, upande mmoja umepinda, akacheka.

Muhsina aliketi chini pale pale alipokuwa. Baada ya muda akasema, "Wifi, nipe kahawa," na hiyo ndiyo radhi aliyoiomba. Rahila akaipokea hivyo hivyo. Khabari ya kumchukua Yaqoob haikutajwa tena.

Alipokwenda kuichukua kahawa alijiegemeza kwenye mwimo wa mlango wa chumba, kanga mdomoni, mabega yanamtikisika. Huko ndani wanaume wawili walikuwa wameshaanza upya, mmoja kwa maneno mengi, mwengine kwa moja moja. Ghafla wakanyamaza. Akageuka. Mumewe alikuwa akimtazama yeye, na midomo inatafuta. Maan akataka kumsaidia neno, Fajr akamkanyaga mguu.

"Ra... hi... la."

Jina lake hakulisikia kwa mumewe tangu siku ya kilemba.

"Ra-hi-la," akasema Yaqoob, polepole, kila silabi kaibeba kwa jasho lake. "Hu-jui... mpi-ra."

Rahila akaja akakaa pale pale alipokuwa amekaa, magoti kwa magoti.

"Sijui," akasema. "Nifundishe."